Anayelipima Ini Anadaiwa Nini?

Mtu asiyeumwa popote, anayekula, anayelala na kuamka kuswali bila tabu, je, ana wajibu wa kuusaka ugonjwa ambao haujamgusa? Na mwingine akimsakia, akamwambia kwamba hesabu iliyofanywa kwa damu yake inaashiria kovu linalojengeka ndani ya ini, wajibu unaozaliwa na habari hiyo unamwangukia nani kwanza: mwenye ini au aliyeleta habari? Zamani swali hili lingeweza kuachiwa wanazuoni wabishane nalo barazani. Njia ya uhakika ya kujua hali ya ini ilikuwa sindano ndefu ya kutoboa ubavu na kuchomoa kipande kidogo mno cha nyama, takriban sehemu moja kwa 50,000 ya ini zima, na hakuna daktari mwenye busara ambaye angemfanyia hivyo mtu anayejiona mzima. Leo hali imebadilika. Vipimo viwili vya damu ambavyo maabara nyingi za hospitali zinavifanya kila siku, kile cha kuhesabu chembe za damu na kile cha vimeng'enya vya ini, vikiunganishwa na umri wa mtu, vinatosha kutoa namba inayokadiria kama ini limeshika makovu. Haihitajiki mashine mpya wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kwa hiyo swali linaweza kuulizwa hata Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nyika ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, na naamini huko ndiko linakoulizwa kwa ukali wake wote.

Ugonjwa wenyewe ni wa kimya. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta kupita kiasi pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapoyabeba. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanasema karibu watu wazima 30 katika kila 100 duniani wako hivyo, na wengi wao wataishi na kufa kwa sababu nyingine kabisa. Kwa wachache, mafuta huzivimbisha seli na kuziumiza, seli zilizoumia huacha kovu, makovu huungana, na baada ya miaka mingi ini hukakamaa na kuingia katika hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Baada yake huweza kuja saratani. Muda wote huo mgonjwa anaweza asihisi chochote. Tumbo likishajaa maji na macho yakishageuka manjano, nafasi ya kurudi nyuma imebaki ndogo sana. Ndiyo maana wataalamu wanataka ini lisomwe mapema. Hoja yangu ni kwamba habari hiyo ya mapema ni dhana yenye nguvu, haijafika daraja la yakini. Na dhana ya namna hiyo humwachia mtu hiari juu ya nafsi yake, lakini humfunga kila aliyeshika mamlaka juu ya maisha ya wengine. Dagahaley ni mahali ambapo mwenye ini na mwenye mamlaka juu ya chakula, barabara na dawa ni watu tofauti. Anayepima huko anajifunga yeye kabla ya kumfunga anayepimwa.

Wapo wanaoanza na pingamizi la itikadi: ya kesho anayajua Mungu peke yake, na kumwambia mzima kwamba ataugua ni kuingilia ghaibu. Pingamizi hili lina heshima yake, ila halilengi kile kinachofanyika maabara. Kipimo hakitabiri kesho. Kinasoma yaliyokwisha kutokea. Seli ya ini ikiumia, vimeng'enya vilivyokuwa ndani yake, AST na ALT, huvuja na kuingia katika damu. Ini likijaa makovu, damu inayopaswa kupita humo hukwama na kurudi nyuma, bandama huvimba, nayo bandama iliyovimba huzishika chembe za kugandisha damu, hivyo idadi yake mwilini hupungua. Hesabu inayotumika zaidi, iitwayo FIB-4, inatokana na alama hizo: umri unazidishwa kwa AST, kisha jibu linagawanywa kwa zao la idadi ya chembe za kugandisha na kipeuo cha pili cha ALT. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo, likizidi 2.67, uwezekano ni mkubwa. Katikati ya hapo jibu halijakata shauri. Huku ni kusoma athari, kama wachungaji wa eneo hilo wanavyosoma nyayo mchangani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanadai kujua ghaibu.

Lakini kusoma alama si sawa na kuona, na hapa ndipo wanazuoni wa kale wanapotusaidia kuliko tunavyotarajia. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika kuhusu tawakali, yaani kumtegemea Mungu, katika kitabu chake Ihya, alizigawa njia za kuondoa madhara katika madaraja matatu. Ziko za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa; mtu akiziacha hadi afe, hilo halihesabiwi tawakali bali ni haramu. Ziko za kudhaniwa, na humo akaweka tiba nyingi za matabibu: kuumika, dawa za kusafisha tumbo na mfano wa hizo, kuzitumia hakuvunji tawakali, na kuziacha si haramu. Na ziko za kuwaziwa tu, ambazo kuziegemea ndiko kunakoharibu tawakali. Mgawanyo huu una umri wa zaidi ya miaka 900 na bado unaiweka FIB-4 mahali pake bila shida. Namba hiyo ni ya daraja la pili. Wala si kwa sababu ni dhaifu. Ni kwa sababu nguvu yake ina upande. Inaaminika zaidi inaposema hapana kuliko inaposema ndiyo. Watu wengi wanaopata jibu la chini hawana kovu kubwa kweli, wakati wengi wanaopata jibu la katikati, na hata baadhi ya wanaopata la juu, nao wakifanyiwa uchunguzi zaidi hukutwa hawana. Kanuni ya fikihi kwamba yakini haiondolewi na shaka inakubaliana na tabia hiyo ya kipimo: mtu ni mzima mpaka lipatikane la kuthibitisha vinginevyo, na namba peke yake haitoshi kumtoa katika uzima.

Kutokana na daraja hilo, mwenye ini hapaswi kushurutishwa, kutishwa wala kuhubiriwa kana kwamba ametenda dhambi kwa kukataa sindano. Hili ni la kusemwa wazi, kwa sababu kampeni za afya mahali pengi huzungumza na watu wazima kana kwamba ni watoto watoro. Mtu wa miaka 60 aliyepitia vita na ukame akiamua kwamba hataki kujua lililo ndani ya ini lake, amefanya jambo ambalo mwanazuoni mkubwa wa tawakali hakulikataza. Ila hiari hiyo haihami. Haimfuati msimamizi wa kambi, wala waziri, wala shirika linalopanga mgao, wala daktari mkuu anayeamua kipimo kipi kifanywe na kipi kisifanywe. Dhana ileile inayomwacha mtu huru juu ya mwili wake inageuka kuwa wajibu inapofika mikononi mwa aliyekabidhiwa miili ya wengine.

Ushahidi wa hilo uko katika tukio ambalo kila aliyesoma historia ya Uislamu analijua. Tauni ya Amwas ilipoingia Sham mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar alikuwa njiani kuelekea huko na watu wake. Akafika Sargh, akapewa habari. Hakuna aliyemhakikishia kwamba kila atakayeingia atakufa. Aliyokuwa nayo ni dhana. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na ndani ya kundi la kwanza na la pili maoni yakagawanyika. Akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kwamba anaondoka katika kadari moja kuelekea kadari nyingine ya Mungu yuleyule, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye kingo mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Watu wengi huitumia kauli hii kuthibitisha kwamba kujikinga kunafaa, na ni sawa. Mimi naliona jambo jingine ndani yake. Umar hakuwa akiamua juu ya nafsi yake. Alikuwa na watu nyuma yake, na mfano alioutoa ni wa mchungaji. Ngamia hawachagui ukingo. Anayechagua ni aliyeshika kamba, na ndiye atakayeulizwa. Tukiupeleka mfano huo Dagahaley, swali la nani anachagua ukingo wa bonde linajibika haraka kuliko tunavyopenda.

Pingamizi zito zaidi hutolewa na watu wenye huruma. Wanasema ini lenye mafuta ni ugonjwa wa walioshiba, na kuupeleka mjadala huu kambini, ambako mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa na mwaka 2025 ukashuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, ni kuwakosea heshima wenye njaa. Ningekubaliana nao kama mwili ungekuwa unafuata hesabu hiyo. Haufuati. Daktari Cicely Williams, alipoueleza ugonjwa wa kwashakoo katika miaka ya 1930 kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alikuwa akielezea watoto waliokosa lishe iliyo kamili, na moja ya alama za ugonjwa huo ni ini lililojaa mafuta. Sababu inayotajwa zaidi ni hii: ini husafirisha mafuta nje kwa kuyafunga na protini, na mwili usiokuwa na protini ya kutosha huyaacha yarundikane. Njaa na shibe mbaya hukutana katika kiungo kimoja. Isitoshe, njaa ya utotoni huacha deni. Watu waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walichunguzwa walipokuwa watu wazima, na miili yao ikaonekana kushindwa kuimudu sukari kuliko ya wenzao, na kisukari ni ndugu wa karibu wa ini lenye mafuta.

Tuliweke hilo kando ya historia ya Dagahaley. Kambi za kwanza za Dadaab, Dagahaley ikiwemo, zilipangwa kwa watu wapatao 90,000 waliokimbia kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, na maelfu wakavuka mpaka kwa miguu. Baadhi yao wakajisitiri nje ya mipaka ya Dagahaley, mahali palipoitwa Bulo Bacte, huku hospitali ya kambi ikipokea watoto wenye utapiamlo mkali. Waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 sasa ni watu wazima wenye familia. Wa 2011 wamebalehe. Walikulia kwenye unga, mafuta ya kupikia na kunde za mgao, na fedha kidogo inayopatikana sokoni hununua sukari kwa wepesi kuliko inavyonunua nyama au maziwa ya ngamia. Mtu anayesema kwamba ini lao halina la kuhofiwa kwa sababu hawakushiba, anawahukumu kwa picha aliyo nayo kichwani kuhusu mkimbizi.

Sasa tuseme namba imetoka, na iko juu. Mwenye ini ataambiwa nini? Ushauri wenye ushahidi zaidi ni kupunguza uzito: upungufu wa asilimia 5 hupunguza mafuta ya ini, na wa asilimia 7 hadi 10 huweza kutuliza uharibifu na hata kupunguza kovu. Ale mboga, samaki, nafaka zisizokobolewa, aache vinywaji vyenye sukari, atembee. Dawa ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya ugonjwa huu, resmetirom, iliidhinishwa Machi 2024 kwa bei iliyozidi dola 40,000 kwa mwaka, kwa hiyo tusiizungumzie. Ushauri wa chakula ni mzuri, lakini unadhani msikilizaji anachagua anachokula na mahali anapokwenda. Mkazi wa Dagahaley hachagui kinachowekwa kwenye mgao, na ili atoke nje ya kambi kwenda Garissa au Nairobi kutafuta uchunguzi zaidi anahitaji kibali. Kila aliyepita madrasa anajua msingi kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kumpa mtu namba, kisha kumwambia abadilishe maisha ambayo funguo zake hazipo mikononi mwake, ni kumkalifisha asichokiweza, na kisha kumwachia lawama ini litakapokakamaa.

Naweza kuulizwa kama sijamfanya mkimbizi kuwa kiumbe asiye na utashi. Sijakusudia hivyo. Yapo yaliyo mikononi mwake. Sukari inayotiwa katika chai mara nyingi kwa siku, soda inayosindikiza miraa, na miraa yenyewe, vinaweza kupunguzwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti wanaume Wasomali waliofika hospitali na madhara makali ya ini, na miraa ndiyo iliyoshukiwa. Mwenye uwezo wa kuacha au kupunguza ana la kuulizwa, na imamu akilitaja kwenye hotuba ya Ijumaa atakuwa amefanya kazi yake. Lakini eneo hilo la hiari ni dogo likilinganishwa na lile linaloshikwa na wengine, na haki inataka lawama ifuate ukubwa wa eneo.

Nani basi anashika eneo kubwa? Al-Ghazali tena ana neno. Katika kitabu cha elimu, mwanzoni mwa Ihya, aliitaja tiba kuwa fardhi ya kifaya, faradhi ambayo wakiitimiza wa kutosha inawaondokea wengine, na wasipoitimiza wote wanabeba dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: mji unaweza kukosa tabibu Mwislamu ilhali wanafunzi wanasongamana kwenye fikihi, kwa kuwa fikihi ndiyo iliyoleta vyeo. Lawama hiyo ina makali hata leo, kwa sababu inaonyesha kwamba faradhi ya jamii hupotea pale kila mmoja anapochagua sehemu yenye faida kwake. Kupima damu ni sehemu yenye faida. Kunaleta takwimu, ripoti na ufadhili. Kumfuatilia aliyepimwa kwa miaka 20 hakuleti chochote cha kuonyesha. Huwezi kuichukua nusu ya kwanza ya faradhi ukaiacha ya pili ukadhani umepunguza deni. Umeliongeza, kwa kuwa kabla ya kupima hukuwa umejua.

Atasema mtu: mashirika ya kimataifa hayafungwi na fikihi. Kweli, lakini yanafungwa na kanuni zao, nazo zinasema jambo lilelile kwa lugha nyingine. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner iliyoweka masharti ya kuwapima watu wasioumwa: pawepo tiba inayokubalika, pawepo mahali pa kuthibitisha ugonjwa na kuutibu, pajulikane nani atatibiwa, na kutafuta wagonjwa kuwe kazi ya kuendelea, si ya mara moja. Al-Ghazali na wataalamu hao wawili hawakuwa na dini moja wala karne moja, na wote wanakataa kipimo kisicho na mwendelezo. Sioni sababu ya msikiti na ofisi ya shirika pale Dadaab kulizungumza jambo hili katika vikao tofauti.

Hapa linakuja pingamizi ambalo mimi naliogopa kuliko mengine yote. Masharti haya yakishikiliwa kwa ukali, maskini hatapimwa kamwe. Tutasema njia haijatengenezwa, tutasubiri, na kila mwaka tutapata sababu mpya. Tajiri wa Nairobi atajua hali ya ini lake na mkimbizi hatajua, na hilo tutaliita maadili. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake halipatikani kwa maneno ya jumla. Linapatikana kwa kutofautisha watu. Kuwapima wakazi wote wa kambi ni kosa, hata kwa sababu za kitabibu: wengi wao ni watoto na vijana, na FIB-4 hupoteza uaminifu kwa walio chini ya miaka 35. Lakini yupo mwenye kisukari ambaye tayari anafika kliniki ya kambi kuchukua dawa. Kwake yeye damu inachukuliwa hata hivyo, faili lipo, muuguzi anamjua. Miongozo ya kimataifa inawataja wenye kisukari kuwa miongoni mwa wa kwanza kupimwa ini. Na kinachowaua zaidi watu wenye ini la mafuta ni moyo na mishipa ya damu, si ini lenyewe, kwa hiyo presha na sukari vikisimamiwa vizuri kwa dawa za bei nafuu, namba ile ya ini imeshapata kazi ya kufanya.

Na yupo mwenye homa ya ini aina B, ugonjwa uliotanda kwa muda mrefu miongoni mwa watu wa Pembe ya Afrika. Kenya iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto wachanga kuanzia 2001; Somalia ilichelewa hadi 2013. Watu wazima wengi wa Dagahaley walizaliwa kabla ya kinga hiyo kuwafikia. Kwao dawa ipo na si ghali: tenofovir, dawa ambayo kliniki za virusi vya ukimwi zimeizoea kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha kuanzia tiba, likapendekeza hesabu nyingine ya damu, APRI, inayotumia AST na chembe za kugandisha peke yake, kwamba ikizidi 0.5 ni dalili tosha ya kovu la kumwanzishia mtu mzima dawa. Anayeuliza njia iko wapi, sehemu yake moja iko hapo, kabatini. Kwa makundi haya mawili kusubiri hakuna udhuru, na kutowapima ni kosa lenye uzito uleule wa kuwapima wengine na kuwatelekeza.

Deni la anayepima lina upande mwingine unaosahaulika: kuijua namba yake ilikotoka. FIB-4 ilitungwa mwaka 2006 kutokana na wagonjwa waliokuwa na virusi vya ukimwi na homa ya ini aina C kwa pamoja, kisha ikahamishiwa kwenye ini lenye mafuta. Kaunti za kaskazini mashariki mwa Kenya zina mambo yao. Malaria hushusha chembe za kugandisha damu. Kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi na uliolipuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001, huvimbisha bandama na kuzishusha zaidi bila ini kuwa na kovu lolote la mafuta. Homa ya ini aina E iliingia kambi za Dadaab mwaka 2012, ikawapata zaidi ya watu 300 na kuwaua hasa wanawake waliotoka kujifungua. Ugonjwa wa namna hiyo hupandisha vimeng'enya ghafla. Namba ya juu Dagahaley inaweza kuwa habari ya mbu, ya usubi au ya maji machafu. Daktari anayeitafsiri kana kwamba yuko ng'ambo amefanya dhana yake kuwa dhaifu kuliko ilivyopaswa, na dhana dhaifu haina haki ya kumnyima mtu usingizi.

Pia anadaiwa kufunga mdomo. Katika jamii ya Kiislamu, ini linapotajwa watu hukimbilia kuwaza pombe, na mtu ambaye hajawahi kuionja anaweza kujikuta akinong'onwa kisimani. Dhana ya daktari juu ya damu inaruhusiwa. Dhana mbaya ya majirani juu ya mtu imekatazwa, na anayetangaza majibu hadharani, au kuwapanga watu foleni kwa rangi ya kadi zao, ameifungulia mlango. Kambi haina kuta nene. Siri huko hulindwa kwa makusudi au hailindwi kabisa.

Kisha kuna umri, ambao ndani ya hesabu hii unazidishwa moja kwa moja. Wakimbizi wengi wa Kisomali wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa na karani siku ya kuandikishwa, kwa kuwa wazazi wao hawakuhesabu miaka kwa kalenda hiyo. Mchukue mtu ambaye AST yake ni 40, ALT 36 na chembe za kugandisha 200. Kadi ikisema ana miaka 50, namba yake ni 1.67, na anaingia katika kundi la kufuatiliwa. Ikiwa kwa kweli ana miaka 38, namba ni 1.27, na anarudi nyumbani bila neno. Damu ni ileile. Kilichotofautiana ni kalamu ya karani. Wafugaji wa Kisomali wana kalenda yao, ya miaka yenye majina ya ukame na vita, na muuguzi anayeketi kumuuliza mzee alikuwa na umri gani wa kazi wakati wa ukame wa Dabadheer, wa 1974 na 1975, kama alikuwa bado anachunga mbuzi karibu na nyumba au ameshapelekwa na ngamia mbali, anarekebisha hesabu kwa kiasi ambacho mashine ya maabara haiwezi. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haina bajeti. Inapokamilika, na namba ikabaki juu hata kwa umri ulio sahihi, inayofuata ni ya wenye muhuri wa kibali: wamruhusu mtu huyo kwenda Garissa na kurudi kila anapohitajika, mwaka huu na miaka inayofuata, kwa sababu kipimo kilifanywa kwa jina lao.